Theluji ya kwanza huvutia, na huua

KILA mwaka ifikapo mwezi wa Oktoba, wakati sisi huku tunayatazama mawingu tukingoja mvua ya vuli, wenzetu wa nchi za kaskazini huamka asubuhi moja na kukuta vilele vya milima vimegeuka kuwa vyeupe. Hiyo ndiyo theluji ya kwanza ya msimu. Siku hiyo hiyo wapo watu wanaotoa vifaa vyao vya kuteleza stoo, wakavipangusa vumbi la miezi sita na kuelekea mlimani.

Wengi wao hurudi jioni wakiwa salama salimini. Baadhi hawarudi.

Msomaji, huenda ukauliza theluji ya Colorado au ya Uswisi inakuhusu nini wewe wa Buruburu au Nyali. Swali ni la haki. Lakini hebu hesabu ni jamaa ngapi katika mtaa wako zilizo na mtoto, mpwa au binamu anayesoma ng'ambo. Vijana wetu wako Denver, Salt Lake City, Calgary na Geneva, miji ambayo mtu akisimama dirishani siku ya anga safi huiona milima. Chuoni hupata marafiki, na marafiki hao ndio humwambia Ijumaa jioni: "Theluji imeanguka, kesho tunapanda. Hakuna tikiti, hakuna foleni. Twende!"

Kijana aliyelelewa Nairobi anajua kuruka matatu ikiwa mwendoni na kuushika mfuko wake akipita River Road. Hatari za mji anazisoma kama gazeti. Hatari ya theluji hakufundishwa na mtu, na jambo litakalomhadaa ni lile lile linalowahadaa hata waliozaliwa huko: theluji ya kwanza ni chache, na kitu kichache huonekana hakina madhara.

Wahenga walisema usione wembamba wa reli, garimoshi hupita.

MCHEZO WENYEWE

Wakenya si wageni kabisa katika mambo ya skii. Wasomaji wa makamo watamkumbuka Philip Boit, aliyetuwakilisha katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, mwaka wa 1998. Alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10, lakini bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye utepe ili amkumbatie. Miaka 20 baadaye, mwaka wa 2018, binti yetu Sabrina Simader aliteremka kwenye miteremko ya Pyeongchang, Korea Kusini, akiwa na bendera ya Kenya.

Hao wawili walishindana mahali palipotengenezwa. Njia za Boit zilikuwa zimesawazishwa kwa mashine, na miteremko ya Simader ilikuwa imekaguliwa na wataalamu kabla ya mtu yeyote kukanyaga. Katika vituo vikubwa vya kutelezea kuna wafanyakazi wanaorauka kabla ya jua kuchomoza na kuilipua theluji ya hatari kwa baruti, ili iporomoke wakati hakuna mtu chini yake.

Mchezo tunaouzungumzia leo ni mwingine. Hapa mtu huacha vituo na kwenda kwenye milima mitupu, ambako hakuna mashine wala mlinzi. Hakuna gari la waya la kumpandisha, kwa hivyo hupanda kwa miguu yake. Chini ya mbao zake za skii hubandika ukanda wenye manyoya mafupi yaliyolala upande mmoja. Mbao zikisukumwa mbele, manyoya hulala na kuteleza. Zikitaka kurudi nyuma, husimama na kung'ang'ania theluji. Zamani kanda hizo zilikuwa ngozi za sili, mnyama wa baharini. Akifika juu baada ya saa 2 au 3 za jasho, huzibandua kanda, akazikunja mkobani, kisha akateremka kwa dakika chache.

Ukitaka kujua kwa nini mtu mwenye akili timamu afanye kazi yote hiyo kwa ajili ya dakika chache za raha, muulize jirani yako anayerauka Jumapili saa 11 alfajiri kwenda kupanda Ngong akarudi na malengelenge miguuni. Raha ya mtu haina maelezo. La muhimu ni kwamba mteremkaji huyu amekaa miezi yote ya kiangazi akiingoja theluji, na mtu aliyengoja kwa muda mrefu huwa hana subira inapofika.

SUKARI CHINI YA GODORO

Poromoko la theluji si lazima liwe lile la sinema, la mlima mzima kuanguka kwa kishindo. Lile linaloua wateleza kwa wingi ni bamba. Tabaka la juu la theluji, lililoshikamana likawa gumu kidogo, linakatika kutoka tabaka la chini ambalo ni dhaifu, kisha linateremka lote kwa pamoja kama godoro linalochomoka kitandani.

Ili bamba literemke panahitajika vitu vinne: bamba lenyewe, tabaka dhaifu chini yake, mteremko mkali wa kutosha, na kitu cha kulishtua. Mara nyingi kitu hicho ni mtu. Wachunguzi wa ajali hizi wamekuwa wakieleza kwa miaka mingi kwamba katika takriban ajali 9 kati ya 10, aliyeliamsha poromoko ni yule aliyefukiwa au mmoja wa wenzake. Kwa maneno mengine, mlima haumvizii mtu. Mtu hujitegea mwenyewe.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo theluji ya kwanza inapopata sifa yake mbaya.

Theluji inapoanguka Oktoba, ardhi chini yake bado ina joto iliyolihifadhi wakati wa kiangazi. Pale theluji inapogusana na ardhi, kipimo hukaa karibu na nyuzi 0 za sentigredi. Juu, usiku wa anga safi, baridi inaweza kufika nyuzi 15 chini ya 0. Ikiwa theluji ni ya sentimita 30 tu, tofauti hiyo yote ya nyuzi 15 inabanwa ndani ya sentimita 30, yaani nyuzi 5 kwa kila sentimita 10. Lau theluji hiyo ingekuwa na kina cha sentimita 150, kama ilivyo katikati ya msimu, tofauti ile ile ingekuwa uzi 1 tu kwa kila sentimita 10.

Wataalamu husema kipimo kikizidi takriban uzi 1 kwa kila sentimita 10, theluji huanza kuharibika kutoka ndani. Mvuke hutoka sehemu za chini zenye joto na kupanda kwenye baridi, na huko huganda upya. Chembe zile laini zilizokuwa zimeshikana hugeuka kuwa punje kubwa zenye pembe, zisizoshikana. Ukizichota mkononi humwagika kati ya vidole kama sukari ya chai. Hata wateleza wa Marekani huziita sukari.

Kwa hivyo theluji nyembamba haina nafuu yoyote. Ule wembamba wenyewe ndio unaoiozesha.

Wanafunzi mlio nyumbani, jaribuni jambo hili jikoni, ila muombe ruhusa ya mama kwanza kwa sababu ya bei ya sukari. Chukueni ubao wa kukatia mboga, mtandaze sukari juu yake, kisha mlaze daftari juu ya sukari. Inueni ncha moja ya ubao polepole. Kwa muda daftari litatulia tuli, mtadhani limegandamana na ubao. Halafu ghafla litashuka lote kwa pamoja. Halitoi onyo la kushuka kidogo kidogo. Ndivyo bamba la theluji linavyofanya, isipokuwa bamba la mlimani linaweza kufikia mwendo wa kilomita 100 kwa saa na zaidi ndani ya sekunde 5 hivi.

MTEGO WA KIVULI

Kuna jambo jingine ambalo sisi tunaoishi kwenye ikweta hatuna haja ya kulifikiria. Kwetu jua hupita juu ya kichwa, na mlima huota jua pande zote. Katika nchi za kaskazini, mwezi wa Oktoba jua hupita upande wa kusini na chini chini. Mteremko unaoelekea kusini huchomwa, na theluji ya kwanza huyeyuka siku mbili tatu ikaisha. Mteremko unaoelekea kaskazini hukaa kivulini mchana kutwa. Hapo theluji hubaki, nyembamba, ikiendelea kugeuka sukari usiku baada ya usiku.

Kisha huja dhoruba ya pili na upepo. Upepo wa mlimani unaweza kuirundika theluji mahali pamoja mara 10 kwa kasi kuliko inavyoanguka kutoka mawinguni. Huikwangua upande mmoja wa mgongo wa mlima na kuimwaga upande wa pili, hasa kwenye makorongo. Rundo hilo hugandamana likawa bamba. Bamba juu, sukari chini.

Sasa mteleza wetu anafika na hamu yake ya miezi sita. Anatazama mlima: hapa nyasi, pale mawe, kule vichaka. Mbona kule juu, kwenye lile korongo la kivulini lililojaa weupe, kunaonekana kuzuri? Anaelekea huko. Wala hana ubishi wa kufanya, kwa sababu hakuna kwingine pa kutelezea.

Msomaji, hilo ndilo fumbo lote la mwanzo wa msimu. Mahali pekee penye theluji ya kutosha kuteleza ndipo mahali pekee penye theluji ya kutosha kuporomoka. Katikati ya msimu, mlima mzima ukiwa mweupe, mtu ana nafasi ya kuchagua mteremko usio na hatari. Oktoba mlima humchagulia.

Tarehe 7 Oktoba, mwaka wa 2017, vijana wawili, mwanamume na mwanamke, walipanda kwenda Imp Peak, katika safu ya milima ya Madison, jimbo la Montana. Hawakuwa wanagenzi. Wote wawili walikuwa wapandaji hodari wanaojua milima. Waliingia kwenye korongo lenye mwinuko wa digrii 38 hadi 45, na bamba gumu lililorundikwa na upepo likakatika.

Poromoko lenyewe halikuwa kubwa. Unene wake ulikuwa kama sentimita 30 hadi 60, upana mita 45 hivi, na urefu wa mita 90. Ukilipeleka Nyayo halijazi uwanja wa kandanda. Lakini lilimfukia yule msichana wa miaka 23 chini ya takriban mita 1 ya theluji. Mwenzake alifukiwa nusu, akajitoa, akatafuta asimpate. Kifaa chake cha redio, ambacho kingemwelekeza mwenzake pale alipolala, kilipatikana baadaye kikiwa ndani ya mkoba wake, kimezimwa.

Hakuna anayejua kilichokuwa moyoni mwake asubuhi ile, na mimi sitamhukumu marehemu. Lakini huhitaji kuwa mtabiri kuona jinsi siku kama ile inavyomlegeza mtu. Ni mapema mno. Nyasi zinaonekana. Ni matembezi tu. Nani afikirie kufukiwa mahali ambapo theluji haijafunika hata mawe?

MAWE NAYO

Mawe hayo ndiyo sura nyingine ya theluji ya kwanza. Takriban robo ya wanaokufa katika maporomoko ya Marekani na Kanada hawafi kwa kukosa hewa, bali kwa majeraha ya kugongwa. Katikati ya msimu miamba na visiki huwa vimefunikwa mbali chini. Mwanzoni mwa msimu viko chini ya shuka jembamba, au vimechomoza. Poromoko dogo linalofika magotini, ambalo Februari lingemwangusha mtu akainuka akicheka, Novemba humburuta juu ya jiwe hadi jiwe.

Jamie Pierre alikuwa mmoja wa wateleza mashuhuri duniani. Mwaka wa 2006, huko Wyoming, aliruka kutoka jabali la futi 255, kama mita 78 hivi, akatua kwa kichwa kwenye theluji nzito na kufukuliwa akiwa na jeraha dogo tu mdomoni. Watu walisema huyu hafi. Tarehe 13 Novemba, mwaka wa 2011, alikuwa Snowbird, jimbo la Utah, kabla kituo hicho hakijafunguliwa kwa msimu. Poromoko ambalo hata magazeti hayangeliandika kama lisingekuwa na mtu ndani lilimkokota juu ya miamba. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Zingatia maneno hayo: kabla hakijafunguliwa. Kuna dhana kwamba mteremko ulio ndani ya kituo ni salama wakati wowote, kwa kuwa nguzo za magari ya waya ziko pale pale. La hasha. Kilichoufanya kuwa salama ni baruti na wakaguzi, na kabla ya siku ya ufunguzi hao hawajaanza kazi. Mlima wa kituo kilichofungwa ni mlima mtupu kama mwingine wowote.

DIGRII ZA NGAZI

Je, mteremko hatari unatambulikaje? Mabamba mengi hukatika kwenye mwinuko wa kati ya digrii 30 na 45. Chini ya 30 ni nadra. Zaidi ya 45 theluji hutiririka kidogo kidogo yenyewe, ingawa hilo si la kumpa mtu ujasiri.

Nikitaja digrii 30 huenda usipate picha. Basi ukimaliza kusoma ukurasa huu, toka nje uzitazame ngazi za ghorofa unamoishi. Ngazi nyingi za majengo yetu zina mwinuko wa digrii 30 hadi 37. Ukisimama juu ya ngazi za Umoja au Pipeline ukatazama chini, umesimama kwenye mteremko ule ule unaoua. Haushtui hata kidogo, sivyo? Mtoto wa miaka mitatu huupanda. Macho hayawezi kuaminiwa, na ndiyo sababu wateleza hubeba kipimo kidogo cha mwinuko. Siku hizi hata simu ya mkononi ina programu ya kufanya kazi hiyo.

Tena kuna jambo ambalo wanagenzi husahau. Si lazima uwe juu ya mteremko wa digrii 35 ili ukuue. Unaweza kuwa unatembea bondeni kwenye tambarare, ukazungumza na wenzako, huku uzito wenu ukivunja tabaka dhaifu ambalo limeungana mpaka kule juu. Nyufa hukimbia, na bamba la juu huwashukia.

Theluji yenyewe wakati mwingine hutoa onyo. La kwanza ni poromoko jingine lililoshuka karibuni upande ule ule. Mlima umeshasema wazi, na anayebisha ana lake. La pili ni nyufa zinazopasuka kutoka ncha ya skii na kukimbia mbele. La tatu ni sauti: mguno mzito wa chini kwa chini, kama wa mtu mnene aliyejibwaga kwenye kochi kuukuu. Hiyo ni sauti ya tabaka la sukari likiporomoka chini ya miguu yako. Ukiisikia mahali tambarare, umebahatika. Ungeisikia mahali pa digrii 35, ungekuwa huna muda wa kuambia mtu.

DAKIKA 10

Aliyefukiwa hawezi kujitoa. Theluji inapokimbia huwa kama maji, lakini inaposimama hujibana ikawa kama saruji. Waliookolewa husema hawakuweza kusogeza hata kidole. Mbele ya uso hubaki nafasi ndogo ya hewa, na hewa hiyo huisha upesi.

Takwimu za Uswisi za miaka 40, zilizochapishwa mwaka wa 2024, zinaeleza mambo kwa ukali. Waliofukiwa kabisa na kutolewa ndani ya dakika 10, zaidi ya 9 kati ya 10 waliishi. Waliotolewa kati ya dakika ya 10 na ya 30, walioishi walikuwa karibu 3 tu kati ya 10.

Dakika 10, msomaji. Helikopta haijawashwa. Polisi hawajapata maelekezo. Kutoka Ambassadeur hadi Globe kwa matatu wakati wa msongamano ni zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba mwokozi wako ni yule uliyepanda naye, na kama yeye hana vifaa au hajui kuvitumia, basi huna mwokozi.

Vifaa ni vitatu na haviachani. Cha kwanza ni bikoni, kile kifaa kidogo cha redio kinachovaliwa kifuani, ndani ya koti, kikitoa mawimbi tangu asubuhi. Anayetafuta hugeuza chake kipokee, na hufuata mawimbi hadi alipo mwenzake. Cha pili ni fimbo ya kukunjwa yenye urefu wa mita 2.4 au zaidi, ya kuchomea theluji hadi imguse aliyefukiwa. Cha tatu ni beleshi la chuma. Ukiwa na bikoni bila beleshi, utajua mwenzako amelala wapi, nawe utachimba saruji kwa mikono.

Hapa ndipo ninapowaogopea wanafunzi wetu. Skii na viatu vya kuazima hupatikana bwenini. Bikoni haiazimwi ovyo, na ni ghali, kwa hivyo mgeni hupelekwa mlimani bila hicho. Rafiki anasema, "Usijali, tutakuwa karibu nawe." Ukaribu wake hausaidii kitu ikiwa hajui achimbe wapi.

Kuna na mikoba yenye puto linalojaa hewa mtu akivuta kamba, likamweka juu ya poromoko asizame. Ni chombo kizuri katika theluji nyingi. Dhidi ya mawe ya Oktoba, puto halina nguvu hiyo.

Watu waliofunzwa huvuka mteremko wa mashaka mmoja mmoja, wengine wakimtazama wakiwa mahali salama, ili likitokea la kutokea wabaki wa kuchimba. Kabla ya kuanza safari husimama na kuhakikisha kila bikoni imewashwa na inasikika. Kazi hiyo huchukua dakika 2 hivi. Mafunzo ya mwanzo huchukua siku 3 hivi, na mzazi anayetuma karo ng'ambo, akiombwa pesa za mafunzo hayo, mimi naona asinung'unike sana.

UTABIRI HAUJAANZA

Nchi zenye milima hutoa taarifa za hatari ya maporomoko, kama sisi tunavyopewa hali ya hewa baada ya habari za saa 1 jioni. Kipimo kina ngazi 5, kuanzia ya 1 ambayo ni hatari ndogo hadi ya 5 ambayo hata barabara hufungwa. Nchi za Ulaya zilikubaliana juu ya kipimo kimoja mwaka wa 1993. Ajabu ni kwamba watu wengi hawafi siku za ngazi ya 5, maana siku hizo hubaki nyumbani. Huko Uswisi vifo vingi hutokea hatari ikiwa ya 3, ya katikati, inayomwachia mtu nafasi ya kujidanganya.

Lakini Oktoba vituo vingi huwa havijaanza kutoa taarifa za kila siku. Huanza Novemba au Desemba, theluji ikishaenea. Mteleza wa theluji ya kwanza kwa hivyo huenda bila mtu wa kumwambia neno, na wapo wanaodhani kimya hicho kina maana kwamba hakuna hatari.

Tena usidhani kwamba ukiivuka Oktoba yamekwisha. Sukari ile haiondoki kwa sababu imefunikwa. Mwishoni mwa mwaka wa 2020, milima ya magharibi mwa Marekani ilipata theluji ya mapema, kisha zikafuata wiki nyingi za ukavu. Tabaka dhaifu likajengeka chini. Dhoruba za Januari na Februari, mwaka wa 2021, zikaja kulala juu yake. Tarehe 6 Februari, katika bonde la Millcreek, karibu kabisa na jiji la Salt Lake City, watu 8 wa makundi mawili tofauti walinaswa na poromoko moja. Walikuwa na vifaa. Walikuwa na uzoefu. Walionusurika walichimba kwa kasi na kuwatoa wenzao wawili wakiwa hai. Wanne walikufa, wote wakiwa na umri wa chini ya miaka 30. Kufikia mwisho wa msimu huo watu 37 walikuwa wamekufa kwa maporomoko nchini Marekani, wakati wastani wa mwaka ni chini ya 30.

Ndiyo maana watabiri wa milima huko hawangoji Desemba kuanza kazi yao, hata kama taarifa zao bado hazijatangazwa. Siku za jua baada ya theluji ya kwanza hutoka na kamera na kupiga picha za safu za milima, korongo moja baada ya jingine, wakiweka alama pale palipobaki weupe na pale palipoyeyuka. Februari ikifika na kila kitu kimefunikwa sawasawa, huzitoa zile picha za Oktoba na kuzitazama tena. Mwanafunzi aliyeko Salt Lake City anaweza kufanya hivyo hivyo kwa simu yake, akiwa amesimama kwenye dirisha la bweni na kikombe chake cha chai.